Jani Hili Lina Umri Gani?

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa biolojia ya mimea

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nimeombwa nizungumzie vimeng'enya vya majani, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, na nimepewa saa moja. Saa moja haitoshi hata kwa kimeng'enya kimoja, kwa hiyo itabidi nichague. Nitashikilia swali ambalo maabara nyingi huliuliza mara chache kuliko linavyostahili: jani hili lina umri gani?

Tazameni mchoro wa jani katika kitabu chochote cha kiada. Ngozi ya juu ipo, seli zimepangwa vizuri, stomata, yaani vitundu vya kupitishia hewa, ziko upande wa chini, mishale inaonyesha hewa ya ukaa ikiingia na oksijeni ikitoka. Ni mchoro mzuri. Tatizo ni kwamba jani lake halikuwahi kuwa changa wala halitazeeka. Linatengeneza sukari siku zote kwa kasi ile ile, na jani la namna hiyo halijapata kuota kwenye mti wowote. Jani halisi huanza maisha likiwa mzigo kwa mmea, kisha likaulisha mmea, na mwishoni likajibomoa lenyewe na kuurudishia mmea sehemu kubwa ya kile kinachoweza kuhamishika. Kazi hizo tatu hazifanywi na vimeng'enya vile vile. Vingine hupanda, vingine hushuka, na kuna kazi moja muhimu ambayo huhama kutoka chumba kimoja cha seli kwenda kingine.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Jani linalogeuka manjano halijachoka wala halijachakaa. Liko kazini, na kazi yenyewe inahitaji vimeng'enya vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake.

Lakini kwanza vipimo, maana hapo ndipo wengi hujikwaa bila kujua.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa hesabu tu. Jani changa lina uzito wa gramu 1, na ndani yake mna vizio 10 vya utendaji wa kimeng'enya fulani. Baada ya siku kadhaa jani lile lile limefikia gramu 4 na lina vizio 20. Mtafiti wa kwanza anagawanya kwa uzito, anapata kwamba kutoka vizio 10 kwa gramu tumeshuka hadi 5, na anaandika kuwa utendaji umepungua kwa nusu. Mtafiti wa pili anahesabu kwa jani zima na anaandika kuwa utendaji umeongezeka maradufu. Wote wawili wamepima vizuri na wote wawili wako sahihi. Kilichotokea ni kwamba seli zilijaa maji na kutanuka upesi kuliko kimeng'enya kilivyotengenezwa.

Kwenye uzee mtego unageuka upande. Jani linalozeeka hupoteza protini. Ikiwa protini zake zimepungua kwa nusu na kimeng'enya chako hakijaguswa, ukigawanya kwa miligramu za protini utakiona kimepanda maradufu, ilhali hakuna hata molekuli moja mpya iliyotengenezwa. Ukigawanya kwa klorofili, rangi ya kijani ya jani, mambo huharibika zaidi, kwa sababu klorofili ndiyo inayotoweka mbele ya macho yako. Na ukigawanya kwa uzito wa jani bichi, jani linalonyauka litakupa ongezeko ambalo kwa kweli ni upungufu wa maji. Mimi hupendelea eneo la jani baada ya kukoma kutanuka, na jani zima wakati bado linakua. Lakini kilicho bora zaidi ni kuweka vigawanyo viwili au vitatu kwenye jedwali na kumwachia msomaji aone. Mwandishi anayetoa kigawanyo kimoja bila kueleza sababu ana deni kwetu.

Kuna mtego mwingine kwenye kinu chenyewe. Seli hai hutenga vitu vyake: asidi na fenoli, kemikali ambazo mmea huzitumia kujilinda, ziko ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli, na vimeng'enya vingi viko nje yake. Ukisaga jani, unavikutanisha vyote kwa mara moja. Fenoli hukumbana na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, mchanganyiko hugeuka kahawia, na protini ulizokuja kuzipima huganda au kuharibika. Majani machanga ya mimea mingi yamejaa fenoli, kwa hiyo hapo hasara huwa kubwa. Majani mazee nayo yana protiesi nyingi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini nyingine, na hizo hazingoji umalize kupima. Basi unapoona kimeng'enya fulani ni kidogo katika jani zee, jiulize: kilipungua juu ya mmea au kwenye kinu? Ndiyo sababu tunatumia nitrojeni ya maji, iliyo baridi mno, barafu, vizuizi vya protiesi na unga wa kunasa fenoli. Mwanafunzi anayeviona kama urasimu wa maabara anajidanganya.

Tena, namba tunayoipata kwenye bomba la kupimia ni uwezo, haiwi mwendo halisi. Tunakipa kimeng'enya malighafi kwa wingi, joto zuri na kiwango cha asidi kinachokifaa, hali ambazo ndani ya jani huenda zisikutane hata siku moja. Naitreti ridaktesi ni mfano mzuri. Kimeng'enya hiki hubadilisha naitreti inayotoka udongoni kuwa naitraiti, hatua ya kwanza ya kuiingiza nitrojeni hiyo kwenye protini. Gizani mmea hukibandika fosfeti, kisha protini nyingine hukishikilia kwa msaada wa magnesiamu, nacho hulala. Kiasi chake kinaweza kuwa karibu kile kile, ila hakifanyi kazi. Mtu akichuma majani machanga saa sita mchana na majani mazee jioni baada ya jua kuzama, kisha akachora grafu ya umri, grafu hiyo inaonyesha saa, haionyeshi umri.

Haya, tuingie kwenye jani.

Jani changa, lile ambalo bado limejikunja au ndiyo kwanza linafunguka, haliwezi kujilisha. Lina kijani kidogo, stomata zake nyingi hazijakamilika, na sukari linayoitumia kujijenga hutoka kwa majani makubwa kupitia floemu, mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Kinachotamba hapa ni kimeng'enya kiitwacho invatesi, hasa ile ya asidi iliyo katika vakuoli na kwenye kuta za seli. Kazi yake ni kuikata sukrosi inayofika, sukari inayosafiri ndani ya mmea, kuwa sukari ndogo mbili, glukosi na fruktosi. Faida yake ni mbili. Kwanza, sukrosi ikikatwa mara tu inapowasili, kiwango chake mahali pale hubaki chini, na hivyo nyingine inaendelea kuvutwa. Pili, molekuli moja imekuwa mbili, maji yanafuata sukari ndani ya seli, na shinikizo la maji hayo ndilo linaloitanua seli. Kimeng'enya kile kile kinaleta chakula na kuandaa nguvu ya kukua.

Kutanuka huko kunahitaji ukuta unaolegea. Katika majani machanga kuna vimeng'enya vinavyokata nyuzi za ukuta na kuziunga upya mahali pengine ili ukuta uteleze bila kupasuka. Ukuaji unapokaribia kwisha, vimeng'enya viitwavyo peroksidesi vilivyo ukutani hufunga nyuzi hizo pamoja na ukuta hukaza. Naomba mkumbuke peroksidesi, kwa sababu mara nyingi tumezisoma kama dalili ya uzee au ya mateso tu. Kumbe zina kazi ya kawaida kabisa katika siku ambazo jani linaacha kukua. Kupanda kwa peroksidesi peke yake hakuthibitishi kwamba jani linazeeka.

Wakati huo huo naitreti ridaktesi hupanda haraka, na kwa mimea mingi hufikia kilele jani likiwa bado linatanuka au likiwa limekaribia ukubwa wake wote, kisha hushuka mapema kuliko vimeng'enya vingi vya usanisinuru. Hilo halishangazi. Jani linalojijenga ndilo linalohitaji nitrojeni mpya kuliko jingine lolote.

Halafu hufika zamu ya kugeuka, kutoka kupokea hadi kutoa. Robert Turgeon na J. A. Webb walilifuatilia jambo hili kwenye mmea wa jamii ya maboga mwaka 1973 kwa kutumia kaboni yenye mnururisho, na walichokiona bado ni somo zuri. Jani haligeuki lote kwa pamoja. Ncha huacha kupokea kwanza na kuanza kutoa, huku sehemu ya chini karibu na kikonyo ikiendelea kupokea. Mpaka huo husogea kutoka nchani kwenda chini kabla jani halijafikia nusu ya ukubwa wake wa mwisho. Kwa upande wa vimeng'enya, invatesi ya asidi inaporomoka na sukrosi fosfeti sintesi, inayojenga sukrosi, inapanda. Kwa hiyo ukichuma jani la umri huo na kulisaga zima, umechanganya majani mawili yenye tabia tofauti na kupata wastani usiowakilisha hata moja.

Majani ya nyasi, pamoja na mahindi, ngano na mpunga, yana utaratibu wake. Hukua kutoka chini, kwa hiyo seli za ncha ndizo kongwe na seli za shinani ndizo changa. Jani moja la mahindi ukilikata vipande kuanzia chini hadi juu unapata mfululizo wa umri bila kungoja siku hata moja. Nashangaa kwa nini shule hazitumii hilo zaidi, maana halina gharama.

Sasa jani limekomaa, na hapa hatuwezi kumkwepa mkubwa wao, rubisko. Ndicho kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa katika usanisinuru. Mwaka 1947 Sam Wildman na James Bonner waliitenga protini kubwa kutoka kwenye majani ya mchicha wa Ulaya, nyingi kupita kiasi, bila kujua ilikuwa na kazi gani. Ilichukua takriban muongo mmoja kuutambua uhusiano wake na kunasa kaboni. Katika mimea kama mpunga na ngano inaweza kufika hadi nusu ya protini zote zinazoyeyuka za jani, na hubeba takriban asilimia 20 hadi 30 ya nitrojeni yote ya jani. Wingi huo unatokana na udhaifu wake. Kila mahali pake pa kazi hunasa molekuli kama tatu tu za hewa ya ukaa kwa sekunde, mwendo wa aibu kwa kimeng'enya, na mara kwa mara hukosea na kunasa oksijeni. Mmea unafidia uvivu huo kwa wingi.

Umri wa rubisko ndio ulionifanya niupende uwanja huu. Tadahiko Mae, Amane Makino na Koji Ohira nchini Japani waliwapa mimea ya mpunga nitrojeni nzito, yaani nitrojeni 15, ili waweze kutofautisha rubisko mpya na ya zamani. Matokeo yao ya mwaka 1983 yalionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya rubisko hutengenezwa wakati jani linatanuka. Jani likishafunguka lote, utengenezaji hushuka sana, na kinachofuata ni kuvunjwa taratibu. Maana yake ni kwamba molekuli zinazonasa kaboni katika jani la mpunga lililozeeka nyingi ni zile zile zilizojengwa siku za ujana wake. Jani halibadilishi rubisko yake kila siku. Hujaza ghala mara moja, kisha huishi kwa kulichota.

Nimesema ghala kwa makusudi. Wapo wanaoona rubisko kama kimeng'enya tu. Mimi naiona pia kama akiba ya nitrojeni, na sidhani mtu anaweza kuuelewa mshuko wake katika jani linalozeeka bila kukubali hilo.

Kuhusu kimeng'enya kiitwacho katalesi nitapita haraka. Rubisko inaponasa oksijeni, matokeo yake huishia kuzaa peroksidi ya hidrojeni ndani ya peroksisomu, chumba kidogo cha seli, na katalesi huivunja kuwa maji na oksijeni. Kwa hiyo katalesi huwa juu katika jani lililokomaa lenye mwanga mwingi na hushuka baadaye. Zamani tuliufundisha mshuko huo kama ulinzi uliodhoofika. Utafiti kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, umeonyesha sura nyingine: wakati mmea unapotoa shina la maua, aina moja ya katalesi hushushwa, peroksidi hupanda kwa muda, na kupanda huko ni ishara inayosaidia kuanzisha uzee wa majani. Mlinzi hakulala usingizi. Aliamriwa aondoke.

Na sasa tumefika kwenye uzee wenyewe, sehemu ninayotaka kukaa nayo.

Kama uzee wa jani ungekuwa kuchakaa, basi kulizuia jani lisitengeneze protini mpya kungeharakisha kifo chake. Kinachotokea ni kinyume. Katika miaka ya 1970 Kenneth Thimann na wenzake walikata majani machanga ya mmea wa oti, wakayaweka gizani ambako kwa kawaida hugeuka manjano baada ya siku chache, na wakayapa dawa inayozuia seli kutengeneza protini kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli ulio nje ya kiini. Majani yale yalichelewa kupoteza kijani chake na protini zake. Yaani ili jani liwe la manjano, ni lazima kwanza litengeneze kitu. Kati ya vitu hivyo ni protiesi. Hilo kwangu ndilo jaribio linalofunga mjadala, na linaweza kurudiwa katika maabara ya kawaida.

Fikirini nyumba inayobomolewa kwa uangalifu ili mbao, mabati na misumari vikajenge nyumba nyingine. Fundi hawezi kuanza kwa kuzima taa na kutupa zana. Jani nalo hufuata mpango huo. Kloroplasti, vyumba vya kijani vinavyofanya usanisinuru na vilivyobeba zaidi ya theluthi mbili ya nitrojeni ya jani, huvunjwa kwanza. Kiini cha seli, chenye maelekezo, na mitokondria, zinazotoa nishati, hubaki mpaka karibu na mwisho.

Rubisko huvunjwa kuwa asidi amino. Sehemu yake huchomolewa kwenye kloroplasti ndani ya vifuko vidogo na kupelekwa kwenye vakuoli, kwa mfumo ule ule wa seli kujila ambao utafiti wake kwenye hamira ulimpa Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Asidi amino hizo hazisafirishwi hivi hivi. Nyingi hubadilishwa, na katika kubadilishwa hutoa amonia, ambayo ni sumu na pia ni nitrojeni ya thamani. Inabidi inaswe tena. Hapa ndipo ile kazi niliyosema inahama chumba. Katika jani lililokomaa, kimeng'enya kiitwacho glutamini sintetesi, cha ndani ya kloroplasti, ndicho kinachonasa amonia na kuitengeneza kuwa glutamini. Jani linapozeeka, aina hiyo hupungua pamoja na kloroplasti zake, na aina nyingine ya kimeng'enya hicho, inayoishi kwenye saitoplazimu, huongezeka. Kazi ni ile ile, mahali pamebadilika, na glutamini inayopatikana hupakiwa kwenye floemu kwenda kwenye majani mapya au mbegu. Mtafiti anayepima glutamini sintetesi kwa jumla bila kutenganisha aina hizi mbili ataona mstari unaoshuka taratibu na kudhani hakuna la ajabu. Ajabu imefichwa ndani ya jumla.

Vimeng'enya viitwavyo ribonyuklesi navyo hupanda. Huvunja RNA, molekuli zinazobeba nakala za maelekezo ya jeni, na, pamoja na vimeng'enya vya fosfatesi, kuokoa fosforasi. Kwa wastani mimea hurudisha kutoka kwenye majani yake takriban nusu au zaidi ya nitrojeni na fosforasi kabla majani hayajaanguka. Kalisiamu haina bahati hiyo. Haisafiri vizuri kwenye floemu, kwa hiyo huachwa na kuanguka na jani.

Klorofili ndiyo inayowashangaza wanafunzi wangu kila mara. Kila molekuli ya klorofili ina atomu 4 za nitrojeni, na mtu angetarajia mmea uzigombanie. Hauzichukui. Klorofili huvunjwa kwa hatua nyingi zenye vimeng'enya vyake maalumu, rangi yake huondolewa, na mabaki, pamoja na nitrojeni yake, huhifadhiwa kwenye vakuoli na kuanguka na jani. Kwa nini basi gharama yote hiyo? Kwa sababu klorofili iliyotenganishwa na protini zake ni hatari ikipigwa na mwanga: huzalisha oksijeni kali inayochoma seli. Na protini zinazoishikilia klorofili haziwezi kuvunjwa na kuokolewa mpaka klorofili yenyewe iondoke. Jani linaondoa kwanza kilipuzi, kisha linachukua mali. Rangi ya manjano inayobaki ilikuwepo tangu mwanzo, ni karotenoidi zilizokuwa zimefunikwa na kijani.

Hatua ya kwanza ya kuivunja klorofili a ni kuitoa magnesiamu, na kimeng'enya kinachofanya hivyo kina historia ndefu kuliko jina lake. Gregor Mendel, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1866, alilinganisha njegere za manjano na za kijani. Mwaka 2007 ilitambuliwa kwamba njegere zake za kijani zinatokana na hitilafu katika jeni ya kubakisha kijani, na mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini ya jeni hiyo ndiyo inayoiondoa magnesiamu. Majani ya mbegu ya njegere hizo hubaki kijani kwa sababu hatua moja ya kimeng'enya imekwama. Mendel alikuwa akihesabu uzee wa majani ya mbegu bila kujua.

Hapa natoa onyo, hasa kwa wenye vifaa vidogo vya kubana jani na kusoma ukijani wake. Kijani kinaweza kudanganya. Vernon Wittenbach, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliondoa maganda ya mimea ya soya yalipokuwa yakianza kukua. Majani yalibaki kijani muda mrefu, na mtu angesema uzee umezuiwa. Alipopima ndani, rubisko na usanisinuru vilikuwa vimeshuka hata hivyo, na nafasi yake ikachukuliwa na protini za akiba. Jani lilikuwa kijani na halikuwa tena kiwanda cha sukari. Likakosa mahali pa kupeleka nitrojeni yake, likawa bohari. Kwa hiyo anayepima kijani peke yake na kuandika kwamba jani ni changa kwa kazi anakisia.

Je, safari hii inaweza kurudi nyuma? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Katika tumbaku ya aina ya Nicotiana rustica, ukikata shina juu ya jani la chini ambalo limekwisha kugeuka manjano, jani hilo linaweza kurudi kijani, kloroplasti zikajijenga upya na rubisko ikapanda tena. Mwaka 1957 Amos Richmond na Anton Lang walionyesha kwamba kinetini, dutu ya kundi la homoni za mimea ziitwazo saitokinini, huchelewesha kupotea kwa protini katika majani yaliyokatwa. Mwaka 1995 Susheng Gan na Richard Amasino walifanya jambo la werevu zaidi: waliunganisha swichi ya jeni ya protiesi inayowaka wakati wa uzee na jeni inayotengeneza saitokinini, wakaiweka kwenye tumbaku. Jani lilipoanza kuzeeka lilijitengenezea homoni ya kuzuia uzee. Homoni ilipoongezeka, swichi ilizimika. Majani yale yalidumu kijani na kuendelea na usanisinuru. Napenda jaribio hilo kwa sababu lilitumia kimeng'enya cha uzee chenyewe kama saa.

Mtu atasema, basi tufanye mazao yote yabaki kijani. Hapo ngano inatusimamisha. Mwaka 2006 Cristobal Uauy, Jorge Dubcovsky na wenzao walieleza jeni moja kutoka ngano pori, iitwayo NAM-B1, inayoharakisha uzee wa majani na kuongeza protini, zinki na chuma katika punje. Ngano nyingi za kisasa hubeba nakala iliyoharibika ya jeni hiyo. Walipopunguza utendaji wa jeni za ukoo huo, majani yalichelewa kuzeeka kwa zaidi ya wiki 3, na protini, zinki na chuma vya punje vilipungua kwa zaidi ya asilimia 30. Jani lililokawia kwenye kazi ya pili liliinyima punje matunda ya kazi ya tatu.

Kwa hiyo mfugaji wa mbegu, yaani mtaalamu wa kuzalisha aina mpya, analazimika kuchagua siku. Uzee ukija mapema, sukari ya kujaza punje inapungua. Ukichelewa, nitrojeni na madini yanabaki kwenye majani makavu. Jibu hutegemea mmea unalimwa kwa ajili ya nini: kama tunachotaka ni jani lenyewe, kuchelewa kuna faida, kama ni punje yenye lishe, hapana. Na jibu haliwezi kupatikana kwa kipimo kimoja cha kimeng'enya kimoja siku moja. Funga uzi kwenye jani siku linapofunguka na uandike tarehe. Chuma majani ya nafasi ile ile shinani, saa ile ile ya siku, na katika kila umri pima angalau rubisko, aina zote mbili za glutamini sintetesi na protiesi, pamoja na nitrojeni inayofika kwenye punje.

Mheshimiwa mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona mikono imekwisha kuinuliwa huko nyuma. Niko tayari kwa maswali, nikianza na yule dada mwenye daftari.